Bi Kikohozi wa Chini ya Ngazi

Walikutoa Jumanne moja, Bi Kikohozi,
watu wawili na toroli lenye gurudumu bovu,
ukaacha sakafuni mraba mweupe
ambao vumbi halikuwahi kuulalia.
Miaka kumi na mitatu ulikohoa chini ya ngazi
ukitunza majina ya shanga zetu:
buluu ya saba, kaharabu, jicho la paka,
nani kaagiza, nani kalipa, nani anatukwepa.
Bomba lilipovuja nilikufunika kwa shali langu.
Feni yako ilipokufa nilikupepea kwa gazeti.

Ondřej, mwana wa tajiri, ndiye aliyeleta neno:
"Tunahamia winguni."
Nikachungulia dirishani. Juu ya Jablonec
lilikuwepo moja, la kijivu, limebeba theluji.
Akacheka. "Si hilo, Draho.
Wingu ni chuma kama hiki, ila si chetu;
maelfu yamepangwa ghalani, mbali,
kwenye baridi na umeme usiokatika.
Tunapanga chumba, tunalipa kwa mwezi,
kama ulivyopanga wewe kwa Bi Havlíková."
Nikamwambia, yule mama alinipandishia kodi mara tatu.
Hakujibu.

Nitasema kweli, hata ukinuna.
Desemba, maagizo yalipofurika kutoka Lima hadi Osaka,
wewe uligoma, tukawa tunakubembeleza
kama mgonjwa anayekataa uji.
Wingu lilitanuka tu. Januari likanywea,
na ankara ikanywea nayo.
Halafu Nisa, mto wetu mwembamba,
ukapanda usiku ule wa Machi,
ukahesabu ngazi: moja, mbili, tatu,
ukalala palepale ulipokuwa umekaa wewe.
Asubuhi yake nilitoa risiti mezani kwangu jikoni,
miguu ndani ya soksi za sufu, chai pembeni.
Ungekufa, bibi. Nasi tungekufuata.

Lakini kuna Alhamisi
ambapo kila kioo kilisema: subiri.
Tulisubiri kwa muda wa saa nne na nusu.
Huko mbali mtu nisiyemjua alikosea kitu kidogo,
na sisi, pamoja na benki, na duka la maua,
na daktari wa meno wa mtaa wa pili,
tukakaa mikono mapajani.
Wewe ulipougua nilijua pa kukupiga kofi.
Nimpige nani kofi huko juu?

Tena Vlastimil wa bohari, mpole asiyeua hata nzi,
alipokea barua iliyovaa sura ya posta,
akaijaza neno lake la siri, herufi kwa herufi.
Usiku huo mgeni alitembea ndani ya hesabu zetu.
Hakuvunja mlango; alipewa ufunguo.
Wenye ghala wakatujibu kwa adabu zote:
kuta ni zetu, makufuli ni yenu.
Kumbe limo mkatabani, ukurasa wa arobaini na moja.
Nikausoma wote wikendi ile, miwani puani,
nikajua kwamba daftari letu hulala Ireland,
na kwamba kuingia ni bure,
kutoka ndiko kwenye nauli.

Simwambii mtu turudi chini ya ngazi.
Maji hayasahau njia.
Sasa Vlastimil haingii popote
mpaka namba ya pili ilie mfukoni mwake,
na Ondřej husoma ankara kabla ya kuisifu.
Mali bila daftari huisha bila habari, sawa,
ila waliosema hivyo hawakusema
daftari likae nyumbani kwa nani.
Basi kila Ijumaa, kazi ikipungua,
nanakili kila kitu kwenye kidude
kisichofika hata kidole gumba,
nakizika ndani ya droo ya buluu ya saba.
Ondřej anajua. Hujifanya hajui.

Kisha nashuka kuzima taa,
na pale mto ulipoufuta mraba wako
bado nazunguka,
nisikukanyage.